Mwaka Mwanaisha Alipokuwa Ndama

Wanaume walipokuwa makaburini wakimzika Mwanaisha, sisi wanawake tulibaki mikekani nyumbani kwake Kwale, na hapo ndipo nilipomsikia Nuru, bintiye wa pekee, akiwaambia majirani kwamba mama yake aliwahi kuwa mwalimu wa farasi Saudia. Alisema hivyo bila kujitapa, macho yamemvimba kwa kulia, mtoto wake wa tatu amelala mapajani. Marehemu, alisema, aliwafundisha wanawake matajiri wa Riyadh kupanda farasi na kurusha kamba kama kaboi wa sinema, nao walimpenda mno hata wakakataa kumwachia aje kwenye harusi ya bintiye. Bibi mmoja aliyekuwa akipooza chai yake kwenye sahani akasema mashallah, mtu waweza kuishi naye mlango kwa mlango usimjue. Kisha Nuru akanigeukia mimi, Nekesa, niliyetoka Bungoma kwa basi kuja kumzika rafiki. "Mama mdogo, si mlikuwa pamoja? Si ni kweli?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, tulikuwa pamoja. Nikanywa chai iliyokuwa bado ya moto mno, ulimi ukaungua, nikashukuru kupata sababu nyingine ya kutokwa na machozi.

Sikumsahihisha. Msiba si mahali pa kumvua mtu nguo, na uongo ule haukuwa wa Nuru bali wa mama yake, aliyeutunza miaka yote kama mtu anavyotunza vyombo vya wageni. Lakini niliporudi Bungoma nilikosa raha. Sijazeeka sana, ingawa magoti yangu yanadai nimezeeka, na nina kumbukumbu nzuri kuliko ninavyopenda. Aliyetaka mambo yafichwe ameshazikwa, nami nimechoka kuyabeba peke yangu. Mambo ya kwetu na jinsi nilivyofika Saudia nitayaacha. Kila aliyekwenda ana hadithi ile ile ya wakala na pasipoti, na hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Naanzia jikoni.

Jiko la Madam, mtaa wa Al-Nuzha mjini Jeddah, lilikuwa na mlango wa kioo ulioelekea sebule ya wanawake, na kupitia mlango ule sisi wawili tulizijua siri zote za nyumba. Mwanaisha alikuwa mpishi, mtu wa makamo, mnene kidogo wa kiuno lakini mwepesi wa miguu, mwenye mzaha usioisha. Mimi nilikuwa wa kufagia na kupiga pasi, kijana wa miaka ishirini na kitu, niliyeamini kwamba kila jambo baya litanipita tu likielekea kwa mtu mwingine. Madam alikuwa mjane ambaye watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ilikuwa imemzidi ukubwa. Mwaka ule alirudi kutoka safari ya ng'ambo na buti za ngozi zenye ncha, akawaalika rafiki zake, akawasimulia jinsi alivyokaa katika shamba moja la mifugo ambako wanawake peke yao hujifunza kupanda farasi, kufukuza ndama na kuwanasa kwa kitanzi. Alisema alilia siku ya kuondoka. Alisema pia kwamba tangu azaliwe alikuwa akiambiwa keti vizuri, na kule kwa mara ya kwanza aliambiwa atanue miguu amshike farasi. Wote wakacheka wakijifunika midomo. Mimi nami nilicheka kule jikoni, na kwa sentensi ile nilimpenda kabisa.

Marehemu mumewe alikuwa amemwachia shamba nje ya Riyadh, likikaa bure. Madam akaamua kulifanya mahali pa wanawake kwenda mwisho wa wiki, wavue mabaibui, wavae kofia pana na kujifunza mambo yale ya kaboi bila mwanamume hata mmoja kuwaona. Alihitaji mikono ya kike. Siku hiyo alikuja jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, akamkuta Mwanaisha akichambua mchele. Posa ya Nuru ilikuwa imekwisha kujibiwa, na Mwanaisha alikuwa akiomba likizo tangu mkataba wake ulipompa haki hiyo. "Aisha," Madam alimwambia, maana jina lote lilimchosha, "twende Riyadh unisaidie msimu huu. Uwafurahishe wageni wangu, nami nitakupeleka kwa binti yako aolewe ukiwa umekaa mbele. Wallahi." Mwanaisha alinawa mikono, akambusu kichwani kama wafanyavyo wao. Madam alipotoka, akaniangalia akacheka. "Mtumikie kafiri upate mradi wako," akasema. "Japo huyu si kafiri, yuaswali kunishinda mie."

Kabla ya kuhama tulipewa alasiri moja ya mapumziko, dereva akatushusha Balad, kwenye vichochoro vya nyumba za kale za mawe ya matumbawe, tukazunguka madukani kama watu wenye fedha zao. Mwanaisha alinunua udi, marashi na kitambaa cha hariri cha kijani kwa ajili ya Nuru. Kila udi aliunusa mara mbili tatu, akamrudishia muuzaji, akaukunjia uso, akaomba mwingine, hata yule mzee akaanza kucheka naye akamletea kiti. Alinieleza kwamba kwao, siku ya harusi, mama ndiye anayemfukiza bintiye, kuanzia nywele hadi nguo, na hamwachii mtu mwingine kazi hiyo maadamu yu hai. Mimi Mkristo wa Bungoma sikuyajua hayo. Tulikula samaki wa kukaanga tukiwa tumeketi ukingoni mwa barabara, vidole vimejaa mafuta, na yeye akapiga hesabu ya wageni wa harusi kwa sauti, akiwakata ndugu aliokosana nao kisha akiwarudisha. Sijamwona tena na furaha ile.

Mazraa, kama walivyoliita shamba lile, lilikuwa pale mji wa Riyadh unapokwisha na mchanga kuanza. Ukuta wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba kutoka ndani uliona mbingu tu na vichwa vya mitende. Wageni walikuwa na vyumba vyenye mazulia mekundu na bafu za maji moto. Kocha, mwanamke Mzungu mrefu aliyeajiriwa kwa msimu, alikuwa na kibanda chake. Na sisi tulipewa chumba cha matandiko ya farasi. Tulilala sakafuni baina ya ngozi na hatamu, na sanduku la vitu vya Nuru tuliliweka juu ya rafu, lakini haikusaidia, kila kitu kilishika harufu ya jasho la wanyama. Baridi ya Riyadh haina adabu. Mablanketi ya farasi yalikuwa mazito kuliko yetu, na hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyeyafua. Mtunza farasi alikuwa Idris, mzee wa Kisudani mpole sana, lakini wageni walipofika Alhamisi mchana ilimbidi atoke nje ya ukuta mpaka Jumamosi, asije akaona nywele ya mtu. Basi kazi yake yote ikatuangukia sisi, juu ya kupika na kufua. Alitufundisha kufunga matandiko na kusafisha mazizi, na kila Alhamisi akitoka langoni alitugeukia akatuombea Mungu.

Simu zilikuwa marufuku siku hizo. Za wageni ziliwekwa kwenye vifuko vya kitambaa mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyetaka picha yake ya kichwa wazi izunguke mji, na hilo niliona ni haki yao. Zetu zilikaa kwenye droo ya jikoni, isiyo na kufuli, maana Madam aliamini hatungethubutu. Siku za katikati ya wiki Mwanaisha alimpigia Nuru, na ni katika simu hizo alipoanza kumwambia kwamba kazi imebadilika, kwamba sasa yuko na farasi, anasaidia kufundisha. Nilikuwa nimelala pembeni nikisikia. Alipomaliza alinitazama akijihami, akaniuliza kwani yeye hawafundishi kufunga kamba za buti. Nikamwambia kweli, ni mwalimu mkuu kabisa, na tukacheka mpaka farasi wa zizi la pili akapiga kwato.

Nisiwaseme vibaya wageni wale kuliko walivyostahili. Walikuwa walimu, wenye maduka, mabinti waliokaribia kuolewa. Wengi walikuja wakiendesha magari yao wenyewe na walipenda kutuonyesha funguo. Walianguka mchangani, wakaamka wakijicheka. Jioni walikaa kuzunguka moto, sinia la wali na kondoo mzima katikati, na mazungumzo yao yalikuwa matamu hata nikachelewesha makusudi kuondoa vyombo. Mmoja alisema hapo ndipo alipogundua kwamba mwili wake ni wake. Mwingine alisema kwamba mwanamke akishajua kurusha kamba hatakubali tena kufungwa. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia la mifupa, nikingoja mmoja wao asogeze kiwiko nipite.

Hapo mwanzo kulikuwa na ndama wa kweli kwa ajili ya zoezi la kamba. Wiki za awali zilikwenda vizuri, kisha ndama mmoja akanaswa mguu wa nyuma, akaanguka vibaya, akalia. Ndama akilia kwa maumivu, sauti yake haiko mbali na ya mtoto. Wageni walishuka kwenye farasi wakamzunguka, wakilia naye: haram, maskini, haram. Alikuwapo daktari wa meno kutoka Jeddah, anaitwa Lamia, msichana mwembamba mwenye roho nzuri, nasema hivyo bila kejeli. Alikaa chini mchangani akampakata yule ndama kichwa, na chakula cha jioni hakukigusa. Madam aliogopa habari zitoke kwamba kwake wanyama wanateswa. Kabla ya wiki nyingine ndama wote wakauzwa. Likaletwa robota la nyasi kavu lenye kichwa cha ng'ombe cha plastiki, lakini robota halikimbii, na wageni wakaanza kupiga miayo.

Siku hiyo Mwanaisha alikuwa akipita na ndoo ya maji. Madam akamtazama, akatutazama sote wawili, uso ukamng'aa. "Nyinyi si watu wa Kenya? Si mnajua kukimbia?" Wageni wakapiga kelele za furaha, wakakumbushana mbio walizoziona kwenye televisheni. Mwanaisha wa Kwale, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukimbia ila kumkimbilia mtoto au kukimbia mvua, akavalishwa kofia ngumu ya kupandia farasi iliyobandikwa pembe mbili zilizong'olewa kwenye kile kichwa cha plastiki. Kocha alisema kwao jambo kama hilo halifanywi. Kisha akasema basi kofia ifungwe vizuri chini ya kidevu, na dhamiri yake ikaishia hapo. Madam alisisitiza kuwa ni mchezo, na kwamba kofia ni kwa usalama wetu.

Mimi nilikimbia mara moja tu. Kitanzi kilinishika kiunoni, farasi akazidi kwenda hatua kadhaa, nikaanguka kifudifudi na magoti yangu yakaliona jiwe ambalo lilikuwa likiningoja pale mchangani. Aliyeninasa alishuka akanipangusa, akaniuliza kama niko sawa, akanipa chokoleti. Nikarudishwa jikoni kwa aibu, na aibu ile imekuwa rehema yangu. Lakini Mwanaisha! Mwanaisha aliinama, akapinda, akasimama ghafla kamba ikapita mbele yake, akazunguka robota la nyasi kama kuku anayekataa kuchinjwa, na huku anacheka, mtandio umemwangukia shingoni. Kila kamba ilianguka nyuma yake. Wageni walisimama juu ya uzio wakimshangilia. Walimwita Kenya, na ikawa wanaopiga simu kuhifadhi nafasi wanauliza kwanza kama Kenya atakuwapo. Lamia, aliyemlilia ndama, akaapa mbele ya wote kwamba hataondoka msimu ule bila kumnasa, akawa anapanda ndege kutoka Jeddah karibu kila wiki kwa ajili hiyo. Kila alipomkosa alimkumbatia.

Nilikuwa nikimchua miguu kwa mafuta, na alikuwa na michubuko ya kamba begani na shingoni. Nikamwuliza kwa nini asikubali tu kunaswa, wakishamnasa watamchoka. "Wee Nekesa," akaniambia, "mie nikinaswa, Madam atanikumbukia lipi? Nataka siku nikiomba ruhusa ulimi wake uwe mzito kusema la." Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanaisha alisifiwa akazidi kulikoleza, na kosa lake mwaka ule lilikuwa hilo tu. Aliamini kwamba mtu akikuhitaji sana atakutendea wema. Siku hizi naona vijana wanaokwenda kazini Uarabuni wakiambiwa na mama zao wawe hodari, wawe wepesi, wasikatae kazi, na huwa nataka kuwavuta pembeni. Mtumishi mzembe hufukuzwa, na ukishafukuzwa utafika kwenu. Hodari ndiye anayewekwa.

Siku ya harusi ikapangwa. Watu wa bwana harusi walitaka iwe Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, siku ya Ijumaa baada ya alasiri kama ilivyo desturi. Mwanaisha alingoja mpaka Madam amalize kahawa yake, akavaa mtandio safi, akaenda kusimama mbele yake. Nilikuwa nimeshika birika, nikajifanya kumimina polepole.

"Ijumaa hiyo ndiyo fainali ya kamba, ya kufunga msimu, habibti," Madam alisema. "Wote wanakuja kwa ajili yako. Nikuachie uende, niwaambie nini?"

"Nekesa aweza kukimbia, Madam."

Madam akacheka, wala si kwa ubaya. Mimi aliniita Nasra. "Nasra hukamatwa hata na mlango. Aisha, sikiliza. Baada ya Idi, inshallah, utakwenda ukae mwezi mzima."

"Harusi itakuwa imepita."

"Kitu kikubwa ni ndoa. Harusi ni siku moja tu, halas." Akamshika mkono, akambonyeza vidole. "Wewe unajua ninavyokutegemea. Bila wewe hapa hakuna kitu."

Mwanaisha alisema sawa, Madam. Alirudi kwenye chumba cha matandiko, akalishusha sanduku la Nuru, akakunjua ile hariri ya kijani, akainusa, akaikunja tena. Nilingoja alie nimbembeleze. Hakulia, akaniuliza kama nimeloweka dengu.

Watu wakisikia umetoka Saudia hukutazama mikono wakitafuta makovu. Wanataka pasi ya moto, wanataka msichana aliyerushwa dirishani, na yapo hayo, Mungu awarehemu waliopatwa. Mimi nikiwasimulia habari za Madam wananiambia mbona huyo alikuwa afadhali. Alitupa chakula kile kile alichokula yeye. Hakutupiga. Mwanaisha alipougua mafua alimletea asali. Kuna jamaa mmoja hapa Bungoma aliniuliza kwa nini Mwanaisha hakutoroka, kwani si alikuwa bingwa wa mbio. Nilimjibu kwa tusi ambalo sitaliandika. Akimbilie wapi? Pasipoti haikuwa mkononi mwake, na bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, huwezi kuvuka mpaka hata ukiwa na mbawa. Mwanamke aliyesafiri mbali akajifunze uhuru, akatokwa na machozi ya kweli kwa kuupata, ndiye huyo huyo aliyeshika karatasi ya mwenzake akaona si kitu. Hasira yangu yote imekaa hapo. Angekuwa katili ningemsahau. Baada ya msimu ule alinunua mioyo yetu kwa zawadi ya mtandio mmoja mmoja, akaturudisha Jeddah, na Mwanaisha akapata mwezi wake baada ya Idi kama alivyoahidiwa. Alimkuta Nuru ana mimba na anatapika. Alirudi tena kazini, akamaliza mkataba wake, akaenda zake. Mimi nilihamia kwa mwajiri mwingine, na kwa muda mrefu sikuweza kumwona mtu anakunja kamba ya kuanikia nguo bila kuondoka mahali hapo.

Lakini Ijumaa ile ndiyo niliyoanza kuiandika, na naona nimekuwa nikiizunguka. Asubuhi Mwanaisha aliomba saa moja tu, baada ya alasiri, aione harusi kwenye simu. Saa za Riyadh na za Kwale ni zile zile, hakukuwa na la kukokotoa. Madam alikuwa akihangaika na wageni waliojaa kuliko vitanda. Akamwambia kwanza fainali iishe, halafu atapiga simu mpaka achoke. Wakaswali alasiri kwa pamoja, wageni na Mwanaisha, bega kwa bega katika safu moja, na nilipowatazama kutoka jikoni nilishindwa kumtofautisha. Walipotoa salamu wao wakavaa kofia zao pana, na yeye akavaa yake.

Nilikuwa nikimimina maji ya limau kwenye bilauri simu ya Mwanaisha ilipotetemeka ndani ya droo. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Sikufikiri sana, ningefikiri nisingetoka. Niliiweka kwenye sinia, nikaifunika kwa kitambaa cha mkono katikati ya bilauri, nikatoka nalo mpaka kwenye uzio. Uwanja ulikuwa na vumbi na kelele. Wengine walikwisha kurusha wakakosa, na sasa alikuwa amebaki Lamia juu ya farasi wa kahawia, kamba inazunguka juu ya kichwa chake. Mwanaisha alikuwa akihema upande wa pili. Akaniona. Akaona kitambaa kinavyotikisika juu ya sinia.

Aliacha kukimbia. Alikuja kwangu kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyeitwa na mgeni uani kwake. Akachukua bilauri moja, badala ya kunywa akanawa uso. Akafungua ile kofia akaiweka chini, akajipangusa vumbi, akaurudisha mtandio kichwani, akaupanga vizuri pembeni mwa uso. Kisha akaketi mchangani akiupa mgongo ule uzio wa mbao, na uso wake akauelekeza kwa wanawake wale, ili simu isimwone mwingine ila yeye na mbao zilizo nyuma yake. Hata saa ile aliwasitiri. Akaifungua simu, na chumba kizima cha Kwale kikaingia pale uwanjani: wanawake wamebanana, dufu zinalia, na katikati yao Nuru, hina mpaka kwenye viwiko, akitazama chini. Bwana harusi alikuwa analetwa kumpa mkono. Sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Mama yuwapi? Muonyesheni mama."

"Niko hapa, mwanangu," Mwanaisha akasema. "Nakuona. Umependeza."

Wageni walikuwa wakipiga kelele, yalla, Kenya, yalla, wakidhani ni ujanja wake mpya. Madam alikuwa anashuka kwenye jukwaa la watazamaji lakini buti zile hazikumpa mwendo. Sijui kama Lamia alielewa alichokiona. Nimejiuliza hilo miaka yote na ninajibu vingine kila mara. Niliisikia kamba ikikata hewa. Kitanzi kilishuka juu ya kichwa cha Mwanaisha kikamkaa mabegani, kikakaza, viwiko vyake vikabanwa mbavuni. Simu ilitikisika lakini hakuiachia. Uwanja mzima ukasimama. Walipiga makofi, walipiga miluzi, walirusha kofia juu, na Lamia alikuwa ameinua mikono yote miwili akilia kwa furaha.

Nuru aliinua macho kwenye simu. "Mama," akauliza, "ni kina nani hao wanaopiga makofi?"

Mwanaisha aliisogeza simu karibu na uso, kadiri mikono ilivyomruhusu, mpaka mabega hayakuonekana tena. Alikuwa anatabasamu.

"Wanakupigia wewe, mwanangu," akasema. "Nimewaambia leo waolewa."

Na kule Kwale wakapiga vigelegele kuwajibu.